FC ya EA au eFootball ya Konami: ulinganisho wa shabiki kwa anayetaka kuchagua

Ubishi wa FIFA na PES, michezo miwili ya soka ya video, ni mkongwe kuliko wengi wanaoubishania leo katika vibanda vya gemu. EA ya Marekani ilitoa FIFA yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1993, na Konami ya Japani ilikuwa na michezo yake ya soka tangu miaka hiyo hiyo ya tisini, kabla ya kuanza kutumia jina la Pro Evolution Soccer (PES) mwaka 2001. Majina yote mawili yamekwisha kuzikwa. Konami iliachana na PES mwaka 2021 ikaleta eFootball, na EA iliposhindwa kuelewana na shirikisho la FIFA kuhusu leseni ya jina, FIFA 23 ikawa ya mwisho na mahali pake pakashikwa na EA Sports FC, kuanzia FC 24 iliyotoka Septemba 2023. Vibandani hakuna aliyejisumbua na mabadiliko hayo: FC ni FIFA, eFootball ni PES, na ubishi unaendelea.

Mimi ni mtu wa PES, na ni vyema msomaji alijue hilo mapema ili anisome kwa tahadhari. Hata hivyo, mtu akiniuliza leo achukue mchezo upi, simjibu kwa mapenzi yangu bali kwa swali: huyo utakayecheza naye yuko wapi? Huenda ameketi kando yako na pedi ya pili mkononi, huenda yuko mji mwingine mkikutana kwa intaneti, au huenda hayupo kabisa na wewe unacheza peke yako usiku dhidi ya mashine. Kila hali ina jibu lake, na wengi wanaojuta baada ya kununua ni wale waliochagua kwa kutazama picha ya jalada au nyuso za wachezaji bila kujiuliza hilo.

Kabla ya majibu, tutazame kilichomo uwanjani, kwa sababu leseni na muziki havimsaidii mtu ambaye mchezo wenyewe haumkai mkononi. Katika FC, kasi ndiyo mfalme. Winga mwenye mbio akipata mpira pembeni, beki aliyeachwa nusu hatua hamfikii tena, na mchezaji aliyefanyia mazoezi chenga tatu au nne za kijiti cha kulia anaweza kuzitumia msimu mzima akashinda. Mchezo wa namna hiyo unapendeza machoni, unampa mgeni mabao ya haraka, na unafanya dakika sita za kibandani zionekane kuwa na matukio ya dakika tisini. Kasoro yake ni kwamba, ukiucheza kwa muda mrefu, unaanza kuona mabao yanayofanana: mbio pembeni, pasi ya kurudisha nyuma kwenye kisanduku, goli.

Mchezo wa Konami, tangu enzi za PlayStation 2 (PS2), uliupa mpira uzito wake. Pasi ilitegemea mchezaji ameelekea wapi na anatumia mguu gani. Ukilazimisha kupiga huku umegeuza mgongo, mpira unakwenda kwa adui na hakuna wa kumlaumu. Kiungo mzito asiye na mbio lakini mwenye macho ya pasi alikuwa na thamani kuliko kijana wa kukimbia tu, jambo ambalo kwenye FIFA za miaka mingi halikuwezekana. Haina maana kwamba hapakuwa na upungufu. Yeyote aliyecheza PES 6 ya mwaka 2006 anamkumbuka Adriano wa Inter na shuti lake la mguu wa kushoto, ambalo kipa alilisikia tu likipita, kiasi kwamba waungwana walikubaliana kabla ya mechi kuwa Inter haichukuliwi. Lakini ukiacha vituko vya aina hiyo, bao la PES lilikuwa bao ulilolijenga.

Shabiki wa PES asiyetaka kudanganya anapaswa kukiri pia lini ufalme ulianguka. Konsoli ya PS3 ilipofika, Konami iliingia kizazi hicho kwa kusuasua. PES 2008 kwenye PS3 ilikuwa ikikwamakwama hata kona zikapigwa kwa mwendo wa kinyonga. Wakati huo huo EA ilijenga upya mchezo wake, na kufikia FIFA 10 mchezaji aliweza kukokota mpira kuelekea upande wowote badala ya pande nane zilizozoeleka. Wengi walihama miaka hiyo na hawakurudi. Waliobaki tulipata faraja katika PES 2013, kisha tena katika PES 2017 na PES 2021, na hizo ndizo nitakazozirejea, kwa kuwa mchezo mzuri haulazimiki kuwa mpya.

Kuna jambo dogo linaloamua mengi kuliko watu wanavyodhani, nalo ni vitufe. Kwa mpangilio wa kawaida wa PlayStation, mtu wa FIFA hupiga shuti kwa duara na krosi kwa mraba, ilhali mtu wa PES hupiga shuti kwa mraba na krosi au pasi ndefu kwa duara. Aliyelelewa upande mmoja akikaa kwenye upande wa pili, atajikuta amebaki yeye na kipa, amepiga krosi kwenda kwenye mabango ya matangazo. Michezo yote miwili inaruhusu kubadilisha mpangilio kwenye mipangilio, na ni busara kufanya hivyo kabla ya kuhukumu kwamba mchezo ni mbovu. Nimesikia hukumu nyingi kali ambazo chanzo chake kilikuwa kidole gumba tu.

Sasa kwa yule ambaye mwenzake yuko kando. Hapa, kati ya michezo miwili ya sasa, FC inashinda bila jasho. Ukiwa na diski au nakala iliyokwisha kupakuliwa, unafungua Kick Off, sehemu ya mechi za moja moja, unachagua timu yoyote kati ya zaidi ya 700 ambazo EA inazitangaza, na mnacheza bila kuhitaji intaneti. Ndiyo sababu mwenye kibanda ambaye bando lake ni la kupimwa hawezi kuikwepa: mteja anaingia, anataka Arsenal au Real Madrid yenye jezi na majina halisi, mechi inaanza, anayefungwa analipa, anayefuata anashika pedi. eFootball haikujengwa kwa maisha hayo. Ni mchezo wa bure uliojengwa juu ya intaneti, na ulipotoka Septemba 30, 2021, timu za kuchezea mechi za kawaida zilikuwa chache za kuhesabika kwa vidole vya mikono miwili. Hata baada ya kuongezewa timu, kitovu chake bado ni mtandaoni, na anayewaza kuwa kwa kuwa ni bure basi umempunguzia mwenye kibanda gharama, afikirie tena.

Lakini ikiwa wanaoketi kando yako ni wale wale kila jumamosi, ndugu, jirani, au rafiki wa tangu shuleni, basi pendekezo langu si FC mpya wala eFootball. Tafuteni PES 2021 ya PS4, au PES 2017, au kama mna kompyuta ya zamani isiyo na nguvu, PES 2013. Hakuna mchezo wa soka ninaoujua unaofanya watu wawili wanaofahamiana waumizane vichwa kama hizo. Ukicheza na mtu yule yule kwa muda, unajua anapenda kupitia wapi, naye anajua unajua, na PES inawapa nyote nafasi ya kujibu kwa mbinu, kwa kupandisha mstari wa mabeki, kwa kubadilisha nani anamkaba nani. Vikosi vimepitwa na wakati, ni kweli, na Messi bado yuko Barcelona. Kwangu hilo ni raha ya ziada.

Kwa anayecheza peke yake mambo yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa maana hapa ndipo kila kampuni iliwahi kuweka roho yake. PES ilikuwa na Master League. Ulianza na kikosi cha wachezaji wa kubuni wasio na umaarufu wowote, akina Castolo, Minanda, Ximelez na kipa Ivarov, ukapigwa msimu mzima, ukakusanya pointi, ukanunua mchezaji mmoja wa maana, na taratibu timu ikaanza kusimama. Mapenzi ambayo watu wazima wanayo hadi leo kwa Castolo, mtu ambaye hajawahi kuwapo, ni ushahidi tosha kwamba Konami ilijua kusimulia hadithi bila kuandika neno moja la hadithi. eFootball ilizaliwa bila Master League, na kwa shabiki wa zamani hilo lilikuwa sawa na kuambiwa nyumba ni ile ile ila jiko limebomolewa. Ukitaka Master League, unarudi PES 2021 au nyuma yake.

FC inayo Career Mode, ambamo unaweza kuwa kocha au mchezaji mmoja anayepanda ngazi. Nguvu yake ni uhalisia wa dunia inayokuzunguka: ligi za chini za Uingereza, Ubelgiji, Uturuki, mashindano ya UEFA ambayo leseni yake EA iliichukua kutoka Konami kuanzia FIFA 19, na maelfu ya wachezaji unaoweza kuwasaka. Kwa Mtanzania, dunia hiyo ilipata ladha ya pekee pale Mbwana Samatta alipokuwa Genk, kwa kuwa ligi ya Ubelgiji ilikuwamo, na mtu aliweza kumsajili nahodha wa Taifa Stars katika klabu aipendayo miaka kadhaa kabla Aston Villa haijamsajili kweli Januari 2020. Taifa Stars yenyewe au Harambee Stars ni habari nyingine. Katika matoleo ya kila mwaka timu za taifa za Afrika zimekuwa chache siku zote. Anayetaka kuzichezea timu hizo kwa jina lake atafute mchezo maalumu wa Kombe la Dunia 2010 ambao EA iliutoa kwa PS3 na Xbox 360: ulikuwa na timu 199, yaani zilizoshiriki mchujo wa kwenda Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yetu ilikuwamo.

Kuhusu leseni kwa jumla, watu huzungumza kana kwamba EA inazo zote na Konami haina hata moja. Ni kweli kwamba PES iliwahi kutuchezesha Man Red badala ya Manchester United, London FC badala ya Chelsea na Merseyside Red badala ya Liverpool, na tulizoea kiasi cha kutoona ajabu. Lakini EA nayo imeonja: Konami ilipochukua haki za pekee za Juventus, FIFA 20 ililazimika kuiita klabu hiyo Piemonte Calcio, na katika FC 25 Inter imekuwa Lombardia FC na Milan imekuwa Milano FC. Mpenzi wa soka ya Italia, kwa hiyo, asinunue FC kwa kudhani atapata kila kitu. Mpenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza hana la kufikiri; FC ndiyo yake.

Kucheza mtandaoni na wasiojulikana ndiko kunakoingiza fedha, na ndiko ninakotaka msomaji afungue macho. EA ina Ultimate Team, iliyoanza kama nyongeza ya FIFA 09 mwezi Machi 2009, na eFootball ina Dream Team. Zote zinakupa kikosi kidogo, kisha zinakushawishi ununue au ubahatishe ili uwapate nyota. Tofauti yao kubwa ni hii: katika FC, kikosi ulichokijenga kwa mwaka mzima hakivuki kwenda toleo linalofuata, Septemba ikifika kila mtu anarudi sifuri, na aliyetumia fedha halisi amezitumia kwa miezi kumi na miwili. Katika eFootball mchezo unasasishwa tu, na wachezaji wako wanabaki nawe, ingawa kila wiki hutolewa kadi mpya zenye nguvu zaidi za kukufanya uwaone wa jana kuwa wachovu.

Ubelgiji iliona vifurushi hivyo vya kubahatisha kuwa kamari, na EA ikaacha kuuza pointi zake huko Januari 2019. Kwetu bado vinauzwa, na njia za kulipia kwa simu zimekuwa rahisi mno. Kwa mtu mwenye subira asiyetaka kulipa, ninaona eFootball ina huruma zaidi: mchezo ni bure, zawadi za kuingia kila siku zinatosha kujenga kikosi cha heshima, na jasho lako halifutwi. Kwa mwenye marafiki walioko nje ya nchi ambao tayari wanacheza FC, hakuna namna, utawafuata huko huko.

Ni haki kutaja kwamba eFootball ya leo si ile ya siku ya kwanza. Ilipotoka, nyuso za wachezaji zilipindapinda hadi zikawa kichekesho cha dunia nzima, mchezo ukashuka mkiani kabisa mwa orodha ya maoni ya wachezaji kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na Konami ikaomba radhi hadharani. Toleo la 1.0.0 la Aprili 2022 lilirekebisha mengi, na tangu hapo mpira umerudi kuwa na uzito ninaoupenda. Aliyeuonja mwaka 2021 akautema anaweza kuuonja tena bila gharama.

Nije kwenye masikio. FIFA ndiyo iliyowafundisha vijana wengi wa kwetu muziki ambao redio zetu hazikuwa zikiupiga. FIFA: Road to World Cup 98 ilifunguliwa kwa wimbo wa Blur, bendi ya Uingereza, na baada ya hapo kila toleo lilikuja na orodha ya nyimbo za kutoka pembe mbalimbali za dunia, zikisikika wakati unapanga kikosi, mpaka wimbo wenyewe ukageuka kumbukumbu ya mwaka. Ninamjua mtu anayeweza kutaja toleo la FIFA kwa kusikia sekunde tano za gitaa. Konami haijawahi kumfikia EA katika hili, na simtetei.

Katika utangazaji mizani inageuka. FIFA ilikuwa na Martin Tyler kwa miaka mingi, sauti iliyozoeleka kwa kila mtazamaji wa Ligi Kuu, lakini kuanzia PES 2016 Konami ilimweka Peter Drury pamoja na Jim Beglin. Mashabiki wa Afrika Mashariki wanampenda Drury kwa mahadhi yake ya kishairi, na kumsikia akilitamka bao lako la dakika ya mwisho ni starehe ya kipekee. Ukweli ni kwamba maneno yake ndani ya mchezo ni machache na yanajirudia. Ukicheza sana, utampunguza sauti. Hata hivyo mara ya kwanza haisahauliki.

Na kama kuna anayetaka filamu ndani ya soka, EA ilijaribu. The Journey, iliyoanzia FIFA 17 na kuisha FIFA 19, inamfuata Alex Hunter, kijana wa London anayepigania nafasi katika Ligi Kuu, mwenye babu aliyewahi kuwa mchezaji na rafiki anayegeuka mpinzani. Mwendo wa kisa unabashirika kama wa filamu nyingi za michezo, na mazungumzo ya chumba cha kubadilishia nguo wakati mwingine yanachosha, lakini sehemu ya kwanza ina moyo. Anayecheza peke yake na anayependa hadithi angefanya vyema kutafuta FIFA 17 ya mkono wa pili kabla ya FC yoyote mpya.

Simu nitaizungumzia kwa ufupi, kwa kuwa uchaguzi ni mwepesi. eFootball ya simu inakaribia kabisa mchezo wa kweli wa mbinu na ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye simu yenye nguvu na intaneti isiyoyumba. FC Mobile inapendeza machoni, ila imejaa matukio, zawadi na vishawishi hadi soka yenyewe inakuwa kazi ya pembeni. Mwenye simu ya kawaida, nafasi ndogo na bando la mashaka achukue Dream League Soccer: ni nyepesi, na mashine itakuchezesha hata intaneti ikiwa imezimwa.

Mwisho ni bei. FC mpya ya PS5 hutoka kwa dola 70, na haina haraka ya kununuliwa, kwa sababu bei hushuka sana kadiri msimu wa soka unavyosonga, na tofauti kati ya toleo la mwaka huu na la mwaka jana mara nyingi ni vikosi na mapambo. Kwa mchezaji wa nyumbani asiyejali usajili wa kiangazi, toleo lililotangulia kwa nusu bei ni ununuzi bora, na kinachobaki kinatosha pedi ya pili. Mwenye PS3 ajue kwamba FIFA ya mwisho kwake ni FIFA 19 na PES ya mwisho ni PES 2018. Mwenye PS2 anaishia FIFA 14 na PES 2014. Na anayefikiria kununua PS5 isiyo na mlango wa diski kwa sababu ni nafuu kidogo akumbuke kwamba, asiponunua kisoma-diski cha kuongezea kwa PS5 zinazokikubali, atakuwa amejifungia nje ya soko lote la diski za mkono wa pili, hizo hizo PES 2021 na FIFA 17 nilizozisifu, na atategemea bei za duka la mtandaoni peke yake.